Hugh Trowell: daktari wa Mulago aliyekaa miaka 27 kabla ya kuandika juu ya mshipa wa moyo ulioziba

BUNIA – Familia nyingi za Ituri zilizowahi kumpeleka mzazi Kampala kwa ajili ya moyo zinaijua njia hiyo: Bunia, Mahagi, mpaka wa Goli, kisha safari ndefu hadi kilima cha Mulago. Huko, vipimo vikiisha, daktari anaweza kueleza kwamba mshipa unaolisha moyo umekuwa mwembamba na unahitaji stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani ya mshipa ili usijifunge tena. Halafu linakuja swali ambalo watu hawakulitazamia: itawekwa stenti ya chuma tupu, au ile iliyopakwa dawa?

Miaka 70 hivi iliyopita, swali kama hilo lisingeweza kuulizwa juu ya kilima hicho. Stenti zilikuwa bado hazijabuniwa, lakini hiyo si sababu pekee. Wanafunzi wa udaktari wa Mulago walikuwa wakijifunza kwamba ugonjwa wenyewe haumpati Mwafrika, au unampata kwa nadra sana. Mmoja wa walimu waliochunguza jambo hilo kwa miaka mingi ni Mwingereza Hugh Trowell, aliyefariki mwaka 1989. Maisha yake yanasaidia kuelewa kwa nini leo wagonjwa wa Bunia wanaulizwa swali la stenti, na kwa nini wengine wanafika wakiwa wamechelewa.

Jina lake kamili ni Hubert Carey Trowell. Alizaliwa mwaka 1904 huko London, akasomea udaktari kwenye hospitali ya St Thomas. Mwaka 1929 alijiunga na utumishi wa madaktari wa serikali ya kikoloni, akapelekwa Kenya pamoja na mke wake Margaret. (Ni mwaka huohuo ambapo Mmarekani Carl Becker, yule daktari ambaye wazee wa Oicha na Nyankunde wanamkumbuka hadi leo, aliingia Congo.)

Margaret Trowell anastahili kutajwa peke yake. Alikuwa amesomea uchoraji, na alipokuwa Machakos alivutiwa na kazi za mikono za Wakamba. Walipohamia Uganda katikati ya miaka ya 1930, alianza kufundisha uchoraji nyumbani kwake, na darasa hilo likakua hadi kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo inabeba jina lake. Wachoraji Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wawili wa Tanganyika, walipitia hapo. Ukitaja jina la Trowell Kampala, huenda mchoraji akalijua upesi kuliko daktari.

Mume wake alikuwa mtu wa wodi. Alipofika Kenya alikuta jambo lililowashangaza madaktari waliosomea Ulaya: tansiyo ya watu ilikuwa chini. Daktari mwingine wa huko, Donnison, alikuwa amewapima wanakijiji wa magharibi ya Kenya na kuchapisha matokeo mwaka huo wa 1929. Kule Ulaya tansiyo hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa wanakijiji hao haikupanda. Mzee alikuwa na tansiyo ya kijana, wakati mwingine hata chini yake. Trowell hakulisahau jambo hilo. Miaka 50 baadaye, akiwa mzee mstaafu, aliandika makala nzima akifuatilia jinsi tansiyo ya Wakenya na Waganda ilivyopanda kati ya mwaka 1928 na 1978.

Lakini kwanza alikutana na watoto. Walikuja wakiwa na miguu iliyovimba, nywele zilizogeuka nyekundu, ngozi iliyobanduka kama iliyoungua, na huzuni usoni. Wasomaji wa Kivu watautambua ugonjwa huo kwa jina la bwaki. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana leo, alikuwa ameueleza ugonjwa huo katika miaka ya 1930 na kuupa jina lililotumiwa na akina mama wa huko: kwashiorkor. Williams aliona kwamba mtoto anakosa chakula cha kumjenga mwili baada ya kuachishwa ziwa. Trowell hakukubali. Mwaka 1937 aliandika kwamba ni pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini, na kwa miaka kadhaa alishikilia hivyo.

Alikuwa amekosea. Watoto hawakupona kwa vitamini hizo. Trowell aliacha wazo lake, akaungana na waliosema tatizo ni chakula chenyewe, na mwaka 1954 yeye, mtaalamu wa kuchunguza maiti J. N. P. Davies na mtafiti R. F. A. Dean walitoa kitabu kilichobeba jina lilelile alilolikataa mwanzoni: Kwashiorkor. Si madaktari wengi wa enzi hiyo waliokubali kubadilika mbele ya kila mtu namna hiyo. Tabia hiyo ndiyo iliyomfaa alipogeukia moyo.

Katika miaka ya 1940 na 1950, wodi za Mulago zilikuwa na wagonjwa wengi wa moyo. Wengine mioyo yao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyowapata utotoni, wengine na kaswende, wengine na tansiyo. Mwaka 1948 Davies alieleza ugonjwa mwingine uliowaua vijana wa Uganda, ambapo ukuta wa ndani wa moyo hujaa makovu magumu na moyo ukashindwa kupanuka. Magonjwa yalikuwa mengi. Mmoja tu ndio uliokosekana, ule uliokuwa ukiwaua watu wengi kuliko mingine huko Ulaya na Marekani.

Ugonjwa huo hauko katika vyumba vya moyo. Uko katika mishipa midogo inayozunguka moyo kwa nje na kuulisha. Mafuta yanajikusanya polepole katika ukuta wa mshipa, njia ya damu inakuwa nyembamba, na mtu anaanza kubanwa kifua anapopanda mlima au kubeba mzigo. Siku moja utando wa mafuta yale unapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba kabisa, na sehemu ya moyo inayotegemea mshipa huo inaanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Trowell alikuwa Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1929. Ilifika mwaka 1956, miaka 27 baadaye, ndipo yeye na mwenzake walipoandika katika jarida la madaktari wa Afrika ya Mashariki juu ya mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja. Kichwa cha makala chenyewe kilionyesha kwamba tukio hilo lilistahili kutangazwa.

Mtu angeweza kusema kwamba wagonjwa walikuwepo ila hawakuletwa hospitali, au kwamba watu hawakuishi hadi umri wa kupata ugonjwa huo. Hoja hiyo ilijibiwa kwa kisu. Mulago walikuwa wakifungua maiti nyingi na kuangalia viungo vyote. Mwaka 1960 Davies na wenzake wa Marekani walichapisha ulinganisho wa maiti 632 za Uganda na 632 za mji wa Saint Louis, wakizingatia umri ulingane. Kwa Wamarekani walikuta mioyo 136 yenye sehemu iliyokufa kwa sababu ya mshipa kuziba. Kwa Waganda walikuta moyo mmoja.

Mwaka mmoja kabla yake, A. G. Shaper na K. W. Jones, nao wakiwa Kampala, walikuwa wamechapisha uchunguzi mwingine ambao huenda ulisema zaidi. Waliwalinganisha Waafrika wa Uganda na Waasia wa hapohapo. Hewa ni ileile, jua ni lilelile, soko ni lilelile. Lakini Waasia walikuwa wakipatwa na ugonjwa huo mara nyingi, na kolesteroli katika damu yao ilikuwa juu kuliko ya majirani zao Waafrika.

Ni hapa Trowell alipofanya uamuzi uliomtofautisha. Ilikuwa rahisi kwa Mzungu wa enzi ya ukoloni kusema kwamba damu ya Mwafrika ni nyingine na moyo wake ni mwingine. Wapo waliosema hivyo. Trowell alitazama maisha: mtu anakula nini, anatembea kiasi gani, ana uzito gani. Wazao wa Waafrika waliokuwa Marekani walikuwa wakiupata ugonjwa huo. Kwa hiyo haikuwa damu. Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, wakati ambapo karibu kila mtu aliyezungumzia afya ya Afrika alizungumzia malaria, minyoo na ukoma tu.

Alikuwa ameshaondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950. Akiwa Uingereza alifanya jambo ambalo hata rafiki zake huenda hawakulitegemea: aliwekwa kuwa padri wa Kanisa la Anglikana na kuhudumia parokia ya kijiji karibu na mji wa Salisbury. Hadithi yake ingeweza kuishia hapo.

Haikuishia hapo kwa sababu ya Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyekuwa naye Uganda, yule ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya ya watoto. Burkitt aliporudi Uingereza alianza kujiuliza kwa nini magonjwa mengi ya tumbo ya Wazungu hakuyaona Mulago, na akamrudisha Trowell kwenye maswali yake ya zamani. Mwaka 1970 Trowell alizuru tena Afrika ya Mashariki. Aliyoyaona mijini yalimshtua: watu wanene walikuwa wengi, na kliniki za ugonjwa wa sukari zilikuwa na foleni. Aliondoka mahali ambapo mtu mnene alikuwa wa kuhesabika, akarudi baada ya miaka kumi na kidogo akakuta ni jambo la kawaida.

Mwaka 1972 aliandika akihusisha ugonjwa wa mishipa ya moyo na kupungua kwa nyuzinyuzi katika chakula, yale makapi ya nafaka, matunda na mboga ambayo kinu cha kisasa huyatoa na kuyatupa. Yeye na Burkitt walitoa vitabu viwili vikubwa, mwaka 1975 na 1981, wakieleza kwamba mtu anayeacha chakula cha kijijini na kushika unga mweupe, sukari na mafuta mengi anayafuata pia magonjwa ya wale aliowaiga. Kwa mkaaji wa Bunia picha hiyo ni nyepesi kuiona. Ni tofauti kati ya sahani ya makemba, maharagi na sombe kwa mtu anayekwenda shambani kwa miguu, na mkate mweupe, soda na nyama ya kukaanga kwa mtu anayekaa ofisini na kurudi nyumbani kwa pikipiki.

Je, Trowell alisema kweli yote? La. Aliipa nyuzinyuzi uzito mkubwa kuliko utafiti wa baadaye ulivyouthibitisha. Leo madaktari wanataja pia sigara, tansiyo, sukari, kolesteroli, umri na urithi wa familia. Lakini jambo la msingi, kwamba moyo wa Mwafrika haukulindwa na rangi yake bali na namna alivyoishi, limesimama.

Somo la zamani, hata hivyo, lilikuwa limeshaenea. Madaktari na wauguzi wa vizazi kadhaa walijifunza kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu, na mtu akifundishwa kwamba kitu hakipo, hakitafuti. Mzee anakuja kituo cha afya akisema kifua kinambana, maumivu yanapanda hadi taya au mkono wa kushoto, jasho baridi linamtoka. Anaandikiwa dawa ya gastriti na kurudishwa nyumbani. Kipimo cha umeme wa moyo kinachukua dakika chache. Kinahitaji mtu wa kukiagiza.

Trowell alikuwa na miaka 73, mwezi wa Septemba 1977, wakati Mjerumani Andreas Grüntzig alipofanya huko Zurich, Uswisi, kitu ambacho wapasuaji wengi walidhani hakiwezekani. Alipitisha mrija mwembamba kutoka mshipa wa paja hadi kwenye mshipa wa moyo wa mtu aliye macho, akapuliza kipulizo kidogo kwenye ncha ya mrija, na mshipa ukafunguka bila kupasua kifua. Tatizo lilikuja baadaye: kwa wagonjwa kama mmoja kati ya watatu, mshipa ulirudi kuwa mwembamba katika miezi michache. Grüntzig alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1985. Mwaka uliofuata madaktari wa Toulouse, Ufaransa, na wa Lausanne, Uswisi, waliweka stenti za kwanza ndani ya mishipa ya moyo ya watu.

Stenti hizo zilikuwa za chuma tupu. Zilizuia mshipa usijikunje, na zilipunguza wagonjwa waliorudi. Lakini mwili huona chuma kama jeraha na hujenga kovu juu yake. Kwa wengine kovu lilikua nene hadi kuziba njia upya, ndani ya stenti yenyewe. Ndipo likaja wazo la kukipaka chuma dawa inayotoka polepole kwa wiki kadhaa na kuzuia kovu lisikue kupita kiasi. Stenti za aina hiyo ziliruhusiwa Ulaya mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003.

Sifa zilikuwa kubwa, kisha hofu ikafuata. Karibu mwaka 2006 iligundulika kwamba katika stenti za kwanza zenye dawa, kwa kuwa kovu lilichelewa kufunika chuma, damu iliweza kuganda juu yake hata baada ya mwaka mzima, na mgonjwa akafa ghafla. Watengenezaji walibadilisha dawa, wakapunguza unene wa chuma. Mwaka 2016 watafiti wa Norway walitoa matokeo ya wagonjwa 9,013 waliowekewa ama stenti ya chuma tupu ama stenti mpya yenye dawa, wakafuatiliwa kwa miaka sita. Kwa upande wa vifo na mashambulio ya moyo, makundi mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Waliolazimika kufunguliwa mshipa tena walikuwa asilimia 16.5 kwa wenye stenti ya dawa, na asilimia 19.8 kwa wenye chuma tupu. Damu kuganda ndani ya stenti ilikuwa nadra kwa wote, na nadra zaidi kwa wenye stenti ya dawa.

Kwa mtu wa Zurich au Oslo, asilimia tatu hizo ni kurudi hospitali mara moja zaidi. Kwa mtu wa Bunia ni kuuza ng'ombe mwingine, kutafuta tena karatasi za kuvuka mpaka, na kusafiri tena njia ambayo si kila mwezi ina usalama. Hesabu ya stenti ya bei nafuu inabadilika ukiiweka kwenye barabara hiyo.

Kuna upande wa pili, nao ni vidonge. Kila aliyewekewa stenti hunywa dawa mbili za kuzuia damu isigande, mara nyingi aspirini na klopidogreli. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa mwezi mmoja kwa chuma tupu na hadi mwaka mmoja kwa stenti yenye dawa, ndiyo maana baadhi ya madaktari walichagua chuma tupu kwa mgonjwa waliyemwogopea kuvuja damu au kukosa vidonge. Mwaka 2015 uchunguzi mwingine wa wagonjwa walio na hatari ya kuvuja damu ulionyesha kwamba aina mojawapo ya stenti yenye dawa ilifanya vizuri kuliko chuma tupu hata vidonge viwili viliponywewa mwezi mmoja tu. Hoja ya kutetea chuma tupu ilipungua nguvu sana. Hata hivyo, aliyepatwa na shambulio la moyo kwa kawaida huandikiwa dawa hizo mbili kwa mwaka mzima, stenti iwe ya aina yoyote, na kuziacha bila kumuuliza daktari kunaweza kuua.

Margaret alifariki mwaka 1985, Hugh akamfuata miaka minne baadaye. Mwaka 1988, akiwa bado hai, Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa kwenye kilima cha Mulago, alikofundisha. Mwaka 2012 taasisi hiyo ilifungua chumba cha kupitisha mrija hadi kwenye moyo, na kazi ya kuzibua mishipa na kuweka stenti ikaanza kufanyika mahali ambapo kati ya maiti 632 ulipatikana moyo mmoja.

Wanaotoka Ituri kwenda huko hubeba barua ya daktari, matokeo ya vipimo, pasi au karatasi ya kuvukia mpaka, na pesa. Wakati wa kurudi hubeba vidonge. Mgonjwa anapoulizwa ni stenti gani anayoitaka, jambo la kumweleza daktari kabla ya bei ni kama klopidogreli inapatikana kwenye famasi ya mtaa wake, na kama ataweza kuinunua hadi mwezi wa mwisho.